Ustahimilivu wa Kinga na Mahali pa Kuzaliwa: Hoja Kutoka Jordbro

Ikisiri

Makala haya yanadai kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia hayaelezeki kwa nasaba peke yake. Kwa kuangalia kisukari cha aina ya kwanza miongoni mwa watoto wa wahamiaji nchini Sweden, yanaonesha kuwa mazingira ya mwanzo wa uhai huchangia ustahimilivu wa kinga, yaani kinga kutoushambulia mwili wake yenyewe, kudumu au kuvunjika.

Utangulizi

Jordbro ni kitongoji cha manispaa ya Haninge, kusini mwa Stockholm, na wakazi wake wengi wana asili ya nje ya Sweden. Mzazi aliyehamia huko kutoka Afrika Mashariki ana sababu ya kudhani kuwa kisukari cha utotoni ni ugonjwa wa wenyeji: Sweden ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huo, na kwao hakuusikia sana. Dhana hiyo ikigeuzwa kuwa kanuni ya damu, inapotosha.

Ustahimilivu hulindwa

Seli T za kinga hukomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari. Humo jeni ya AIRE huziwezesha seli za tezi kuzalisha protini za viungo vingine, insulini ikiwamo. Seli T nyingi zinazozinasa kwa nguvu hufa. Hata hivyo mchujo huu haukamiliki, na seli zenye uwezo wa kuushambulia mwili hupatikana hata katika damu ya watu wenye afya. Kwa hiyo methali ya kikulacho ki nguoni mwako inatufaa nusu tu: mdudu yumo nguoni mwa kila mtu, ila si kila mtu huliwa.

Kinachotofautisha ni udhibiti. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alibainisha seli T zinazozizuia nyingine. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua jeni ya FOXP3, ambayo hitilafu yake husababisha IPEX, ugonjwa unaoweza kumletea mtoto mchanga kisukari. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025, iliyotangazwa katika Taasisi ya Karolinska, pembezoni mwa jiji la Stockholm.

Ushahidi wa uhamiaji

Aina fulani za jeni za HLA, zinazoisaidia kinga kutambua vya mwili na vya nje, huongeza hatari, lakini pacha wa kufanana mmoja akiugua kisukari hiki, si lazima mwenzake augue. Mwaka 2012 Ulf Söderström, Jan Åman na Anders Hjern walilinganisha watoto wanaoishi Sweden ambao asili yao ni nchi zenye kiwango cha chini cha ugonjwa. Waliozaliwa Sweden walikuwa na hatari kubwa kuliko waliozaliwa nje na kuhamia baadaye. Watafiti hao wakahitimisha kuwa yanayompata mtoto tumboni au katika uchanga wake yana uzito.

Atakayepinga atasema kuwa uchache wa wagonjwa Afrika unatokana na kutopimwa: mtoto anayetapika na kuhema hutibiwa malaria, akafa bila sukari yake kupimwa. Pingamizi hilo ni la kweli kuhusu takwimu za Afrika, ila haliugusi ulinganisho huu, kwani makundi yote mawili yalihudumiwa na mfumo mmoja wa afya.

Ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, baridi yabisi, unaonesha jinsi jeni na mazingira yanavyoshirikiana. Mwaka 2006 Lars Klareskog na wenzake wa Karolinska walionesha kuwa uvutaji wa sigara, kwa wenye aina fulani za HLA-DR, huambatana na kingamwili dhidi ya protini za mwili zilizobadilishwa umbo, na wakapendekeza kuwa mabadiliko hayo huanzia mapafuni. Jeni hizo bila moshi, au moshi bila jeni hizo, hatari yake ni ndogo zaidi.

Hitimisho

Hoja hii isichukuliwe kuwa sifa kwa uchafu au ufukara, kana kwamba maambukizi ya utotoni ndiyo yanayomkinga mtoto na kisukari. Maradhi ya kuambukiza huua watoto wengi mno kwa mtu kuyaita kinga. Inachokataa ni kuamini kuwa asili ya Kiafrika inamkinga mtoto. Mzazi, muuguzi na daktari, awe Haninge au Dar es Salaam, akimwona mtoto mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mno na kukonda, ahakikishe anapimwa sukari siku hiyohiyo.