Kitabu Nilichomnyang'anya Mwanachuo

Mapema mwaka 1978, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Dodoma, nilimnyang'anya mwanachuo kitabu alichokuwa akikisoma kwa kibatari baada ya kengele ya kulala. Kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoandikwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na kutolewa mwaka 1960. Nilikifungua ili nikihukumu. Jogoo wa kwanza aliwika ningali nacho mkononi.

Ndipo nikaelewa. Bwana Msa hashindi kwa mabavu. Huwasha kiko, husikiliza, huuliza, hufikiri, huku sahibu yake Najum akiduwaa kama sisi wasomaji. Mtu ameuawa, ndiyo, lakini mwishowe ukweli hujulikana na watu hulala kwa amani. Nani asiyeitamani dunia ya namna hiyo?

Yetu haikuwa hivyo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera Oktoba mwaka ule, kijana yule alijiunga na mgambo waliokwenda vitani. Hakurudi chuoni, wala sikupata kujua yaliyomfika. Kitabu chake ningali ninacho. Kila nikisomapo, fumbo la Bwana Msa hufumbuka, langu halifumbuki.