Kuuliza bando kwa Kifaransa: maneno ya kushika kabla ya kutoa pesa

Nilipokuwa Nakuru kwa shughuli za kifamilia, niliingia duka la simu kununua bando. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa Goma. Akamwambia binti wa dukani: "Dada, niko nataka puce na forfait ya semaine moja." Binti alishika laini, akataka kumwekea bando kubwa la saa 24, kwa kuwa ndilo linalopendwa na wengi. Mzee alitaka azungumze na mkewe wiki nzima. Pesa zake zingekwisha kesho yake. Nikaingilia, maana Kifaransa changu cha kuokoteza nimekipata kwa jamaa zetu wa Ngazija.

Wote wawili walikuwa wakisema Kiswahili. Lakini maneno ya simu na intaneti tumeyapokea kwa milango miwili: Kenya na Tanzania kwa mlango wa Kiingereza, Kongo, Komoro na Mayotte kwa mlango wa Kifaransa. Sisi watu wa pwani tuna ndugu na biashara huko. Hata waya wa baharini wa LION2, ulioanza kazi mwaka 2012, unaiunganisha Mombasa na Mayotte. Kwa hivyo maneno haya yatakufaa ukisafiri, au akija mgeni.

Maneno ya kwanza

- Puce (pius) au carte SIM: laini.
- Forfait (forfe): bando, au kifurushi.
- Recharge (resharzh): kuongeza salio. Kongo utasikia pia unités (inite), yaani salio lenyewe.
- Mégas (mega): data.
- Illimité (ilimite): bila kikomo.
- Débit (debi): kasi ya intaneti.
- Engagement (angazhman): mkataba unaokufunga kwa muda, hasa kwa intaneti ya nyumbani.

Maswali manne

1. C'est combien? (se kombyen) – Ni bei gani?
2. Valable jusqu'à quand? (valabl zhuska kan) – Linatumika mpaka lini? Swali hili ndilo lingemponya yule mzee.
3. Et quand c'est fini? (e kan se fini) – Na likiisha je? Kuna bando likiisha data hukatika, na kuna linaloendelea kula salio lako.
4. C'est sans engagement? (se sanz angazhman) – Halina mkataba wa kunifunga?

Anza na "Bonjour" kabla ya swali lolote. Kuingia na bei moja kwa moja ni utovu wa adabu kwao, kama ilivyo kwetu kuingia bila salamu.

Mitego miwili

Wa kwanza ni herufi. Wafaransa huandika Go, yaani gigaoctet. Ndiyo hiyo GB yetu, si kitu kipungufu. Lakini kasi hupimwa kwa megabiti, na octet moja ni biti 8. Ukiahidiwa megabiti 100 kwa sekunde, unachopakua ni megaoctet 12.5 tu kwa sekunde.

Wa pili ni hesabu. Sabini kwa Mfaransa ni soixante-dix (suasant-dis), na tisini ni quatre-vingt-dix (katr-ven-dis). Kongo, kwa athari ya Ubelgiji, husema septante (septant) na nonante (nonant). Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji aandike bei: "Vous pouvez écrire?" (vu puve ekrir).

Mzee aliondoka na bando la wiki, dogo kuliko lile la kwanza lakini lenye kumfaa. Binti naye akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya mashine yake: puce ni laini, forfait ni bando, semaine ni wiki. Wateja wa Kongo huja pale mara kwa mara, akaniambia, na miaka yote alikuwa akikisia.

Kuuliza si ujinga. Hasara ni kulipa kwanza, kisha ukauliza.