Nyumba Zetu na Baridi ya Mlimani



Kila mwaka kijitabu hiki huwa na ukurasa wa historia. Mwaka huu tumechagua habari ya nyumba, kwa sababu mchango tunaouomba safari hii ni wa nyumba.

Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa mita 800 na kidogo. Vijiji vya juu vya Kilimanjaro vinavyopakana na msitu, kama chetu, viko karibu mita 1,700. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu hukaa juu yetu siku nyingi, na jua huonekana kwa saa chache. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima kwa mara ya kwanza tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa safari aliuita weupe wa kileleni kwa neno moja tu: baridi. Babu zetu walikuwa wameishi chini ya weupe huo kwa vizazi vingi, nao walijua namna ya kujenga.

Walijenga nyumba ya msonge. Fito ziliinamishwa na kufungwa pamoja juu, kisha nyumba ikaezekwa kwa majani makavu kuanzia kileleni hadi chini. Hapakuwa na ukuta uliobaki wazi kwa upepo wala dirisha. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao mfupi, mtu aliinama kuingia. Majani yale yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka yalishika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Kwa hiyo kilichowashwa ndani kilibaki ndani.

Joto lenyewe lilitoka sehemu mbili. La kwanza ni moto wa mafiga. Usiku haukuzimwa, makaa yalifunikwa kwa majivu yakalindwa hadi alfajiri. La pili ni mifugo. Ng'ombe na mbuzi walilala ndani, upande wao ukitengwa kwa boriti. Ng'ombe mmoja aliyeshiba hutoa joto la watu kadhaa, tena bila kuni. Juu ya moto palikuwa na kichanja cha kuwekea mahindi, mbegu na kuni. Moshi ulivikausha vyote na kufukuza wadudu waliotaka kula mapaa.

Hatuandiki haya ili tusifu kila kitu cha kale. Moshi uliohifadhi mahindi uliharibu pia macho na vifua, hasa vya akina mama na watoto waliokaa karibu na moto siku nzima. Cheche moja ilitosha kuteketeza nyumba na mali yote. Wamisionari na waganga waliposisitiza ng'ombe wapewe banda lao, walikuwa na sababu.

Mabadiliko yaliletwa na kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Bei ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha ya kahawa ililipa karo na ikanunua saruji na mabati. Wakati huohuo nyika ya chini ilizidi kugeuzwa mashamba, na majani ya kuezekea yakawa ya kutafutwa mbali. Nyumba ya bati ikawa alama ya mtu aliyeendelea. Ilikuwa na mwanga, haikuvuja, wala haikuhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache.

Lakini bati ni jembamba na hupitisha joto papo hapo. Usiku hupoa upesi, na mvuke wa ndani hugeuka matone yanayodondokea kitandani. Mahali bati linapokutana na ukuta hubaki nafasi, na upepo wa mlimani hupita humo. Ng'ombe wamehamia bandani na moto umehamia jiko la nje. Nyumba ikapata nafasi na usafi, ikapoteza joto lake lote mawili.

Kuni nazo zimepungua. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa nusu maili kwa mahitaji ya wenyeji. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, ili kulinda maji tunayokunywa sote. Siku hizi kuni zinatoka vihambani, kwenye matawi ya kivuli cha kahawa na miti ya mipakani. Moto wa kuchezea haupo tena.

Wengi wetu tulioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo hurudi nyumbani Desemba, jua likiwaka na migomba ikiwa ya kijani. Julai wanabaki wazee, kila mmoja katika nyumba yake ndogo ya bati. Nguzo za umeme hazijafika vitongoji vya juu. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, jambo ambalo huua, kwa kuwa hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala.

Ndiyo maana kamati inapendekeza kazi nne kwa kila nyumba ya mzee anayeishi peke yake. Kwanza, dari ya mbao, ili pawe na hewa iliyotulia kati ya chumba na bati, kama ilivyokuwa ndani ya majani. Pili, kuziba nafasi za juu ya kuta kwa udongo na chokaa. Tatu, jiko dogo la matofali lenye dohani linalotoa moshi nje. Matofali hushika joto saa nyingi baada ya moto kupungua, na kuni kidogo zilizokauka vizuri hutosha. Bomba lisiguse mbao za dari. Nne, tundu la hewa karibu na sakafu lisilozibwa kamwe, kwa sababu nyumba iliyobana bila tundu ni hatari kuliko yenye baridi.

Mafundi tunao, na vijana watafanya msaragambo wa kubeba mchanga na matofali. Kinachohitajika ni fedha za mbao, misumari, saruji na mabomba. Asiye na fedha alete mti wa kupasua mbao. Kazi ianze Machi na ikamilike kabla ya Juni.

Wazee hawa walitulea karibu na moto. Karibuni tuchangie.