Sauti ya kwanza na ya pili: ugomvi mkongwe wa spika

Leo naweka kando kodi (za programu, si za KRA) niandike historia ya spika. Sababu ni jamaa mmoja wa hapa Makupa anayekodisha vyombo vya muziki vya harusi. Yuko karibu kumaliza akiba yake kununua spika kuukuu za kutoka Ulaya kwa kuwa muuzaji kamwambia ziko "sawa kwa wakati na fezi". Baraza limegawanyika. Wako wanaosema hiyo ndiyo siri ya sauti safi, na wako wanaosema ni uganga wa kuuzia vitu ghali. Ubishi wenyewe ni mkubwa kuliko baraza letu, na una zaidi ya miaka 180.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu kalisikia kwa masikio yake. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde, yaani sentimita 35 hivi kwa milisekunde moja. Sasa funga spika mbele ya jukwaa pale uwanja wa Tononoka, na nyingine mita 35 nyuma yake, zote zikilishwa na amplifaya moja. Aliyekaa karibu na zile za nyuma atasikia kila neno mara mbili, la pili likiwa limechelewa milisekunde 100. Mhutubu anasema "wananchi", yeye anasikia "wananchi-nanchi". Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sauti ya pili ikija mapema, sikio huimeza ndani ya ile ya kwanza. Ikichelewa zaidi ya milisekunde 50 hivi, maneno yanaanza kukanyagana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kanisa la St Paul's jijini London, mafundi waliweka mtambo wa sumaku uliorekodi sauti na kuisoma tena baada ya muda mfupi, ili spika za nyuma zisubiri sauti ya mbele ifike. Waandishi wa programu wenzangu mtatambua: hiyo ni foleni tu, ila imetengenezwa kwa chuma kinachozunguka.

Hapo hakuna mbishi. Ubishi unaanza tunapoingia ndani ya sanduku moja.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Hollywood, mwaka 1935. Kampuni ya MGM ilikuwa na filamu za Eleanor Powell, mchezaji mashuhuri wa ngoma ya viatu vyenye chuma. Ilipopigwa kwenye spika kubwa za sinema, kila "ta" ya kiatu ikasikika "ta-ta". Fundi wao John Hilliard alitafuta chanzo na kukuta kwamba honi ya besi ilikuwa imekunjwa, njia yake ndefu kuliko ya honi ya sauti nyembamba kwa futi 8 hivi. Piga hesabu: mita 2.4 ni karibu milisekunde 7. Wakaunda spika mpya yenye njia zinazokaribiana, iliyopewa jina la mkubwa wao Douglas Shearer, nayo ikapata tuzo ya ufundi ya Academy kwa mwaka 1936. Napenda kisa hiki kwa kuwa tatizo liligunduliwa kwa kiatu, kabla ya kipimo chochote. Mlio mfupi na mkali, kama kofi la dumbaki, hauna mahali pa kuficha ucheleweshaji.

Basi milisekunde 100 unasikia, na 7 unasikia. Je, robo ya milisekunde? Maana spika ya nyumbani ndivyo ilivyo: koni ya wufa ni ya kina, chanzo chake cha sauti kiko nyuma ya kile cha twita kwa sentimita 3 hadi 10. Halafu kuna krosova, ile saketi inayogawa besi huku na sauti nyembamba kule. Nayo huzungusha fezi, yaani husogeza mawimbi ya sauti moja mbele au nyuma ya mawimbi ya nyingine.

Wakongwe wa sayansi walisema hutasikia kitu. Georg Ohm (huyo huyo wa ohm mnazopima kwa mita) alidai mwaka 1843 kwamba sikio huichambua sauti katika milio sahili. Hermann von Helmholtz katika kitabu chake cha 1863 akaongeza kwamba namna milio hiyo inavyopishana kifezi haibadilishi sauti tunayoisikia. August Seebeck alikuwa ameshampinga Ohm tangu mwanzo, lakini jina la Helmholtz lilikuwa zito.

Miaka ya 1970 ndipo moto ulipowaka. Kampuni za Technics, B&W na KEF zilitoa spika zenye umbo la ngazi, twita imerudishwa nyuma ya wufa. Marekani, Richard Vandersteen na Jim Thiel walikwenda mbali zaidi, wakatumia krosova ya mteremko wa taratibu, desibeli 6 kwa oktavu, kwa kuwa ndiyo sahili inayoweza kurudisha wimbi kama lilivyoingia. Bei yake ni kwamba twita hubebeshwa sauti nzito isiyokuwa mzigo wake. Mwaka 1981 Quad wakatoa ESL-63, ambayo utando wake umegawanywa kwa duara, kila duara likicheleweshwa kidogo kuliko la ndani yake. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya werevu kuliko zote hizi.

Upande wa pili, Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard, alichapisha mwaka 1976 krosova ambayo leo inaitwa Linkwitz-Riley. Yeye aliiacha fezi izunguke, ila akahakikisha wufa na twita zinazunguka pamoja zisiuane pale zinapokutana. Vipimo vikaja. Blauert na Laws, 1978: kwenye 2000 Hz sikio hutambua ucheleweshaji wa karibu milisekunde 1. Lipshitz, Pocock na Vanderkooy, 1982: fezi husikika, hasa kwa milio sahili na kwa hedifoni, lakini kwa muziki chumbani tofauti ni ndogo. Kwa hiyo Helmholtz alikosea, ila si kwa kiasi ambacho wauza spika wangependa.

Cha kuchekesha ni kwamba Mombasa tumekuwa mafundi wa fezi bila kuiita hivyo. Kaseti za taarab zilizotolewa na Mbwana Radio Service pale Mji wa Kale zilinakiliwa mitaani, nakala ya nakala, na kila deki ilikuwa na hedi iliyoinama kivyake. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Mlio wa 10,000 Hz huchukua chini ya maikromita 5 za ukanda. Hedi ikiinama kidogo tu, kushoto na kulia hupishana, na ukizichanganya ziwe spika moja, sauti kali hufutana. Dawa yake ilikuwa bisibisi ndogo: unazungusha skrubu ya hedi huku Juma Bhalo anaimba, mpaka "s" na "sh" zake zirudi. Na katika taarab, "s" si pambo. Fumbo lisiposikika neno kwa neno, aliyepigwa kijembe hajui kapigwa.

Sasa kwa jamaa yetu. Robo ya milisekunde yenyewe haitamwudhi mtu kwenye harusi. Ila kama spika zinakabidhiana kazi kwenye 2500 Hz, wimbi zima pale ni sentimita 14. Sogeza twita sentimita 7, na krosova isiporekebisha, wufa inasukuma wakati twita inavuta. Hapo panabaki shimo, katikati kabisa ya konsonanti za mwimbaji. Shimo hilo linasikika hata na asiyejua fezi ni nini. Namwambia kabla ya kutoa pesa apeleke kaseti anayoijua kwa moyo, asimame, achuchumae, asikilize kama maneno yanabadilika. Zikipita mtihani huo, azipime na maikrofoni. Ucheleweshaji wa jozi zake za nyuma uwanjani, ambao ndio unaomharibia kazi kweli, hautibiwi na spika yoyote ya Ulaya. Unatibiwa na programu ya mistari michache, nami nitaiweka hapa wiki ijayo, inshallah.