Sindano iliyofika Gondokoro

Gondokoro ilikuwa kilomita chache tu kutoka Juba ya leo, ng'ambo ya mashariki ya Nile: kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, miongo mingi kabla Juba haijaanza kujengwa katika miaka ya 1920. Boti za Misri zilizopanda mto mwaka 1841 zilizuiwa na maporomoko ya jirani. Msafara uliokuja kutoka upande wa pili, kusini, ni wa wapelelezi wa Uingereza John Hanning Speke na James Grant. Waliingia tarehe 15 Februari 1863, wakiwa wametoka Unguja Septemba 1860. Mkononi walikuwa na ramani, na mistari yake karibu yote ilitokana na sindano nyembamba yenye sumaku.

Kazi yenyewe ilichosha kuliko ilivyohitaji akili nyingi. Mpimaji husimama, hulenga kilima kwa dira, huandika nyuzi kwenye daftari, kisha hutembea huku akitazama saa. Mwendo wa saa hukisiwa kuwa maili kadhaa, mstari mfupi huchorwa, na kesho tena. Usiku hupima nyota kwa sekstanti ili ajue latitudo. Huchemsha maji pia, maana kadiri nchi inavyoinuka ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Adui mkubwa ni chuma. Anayesoma dira sharti ajitenge na wenye bunduki, la sivyo sindano itafuata mitutu. (Hata dira iliyomo kwenye simu ya mwendesha bodaboda wa soko la Konyo Konyo, Juba, hupotoka ikilazwa kando ya spika.)

Mmoja wa viongozi wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India na baadaye akarudi Unguja. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani, kisha Bombay akapeleka amri kwa wenzake kwa Kiswahili. Vitabu vya shule vinamtukuza Speke. Mimi ningempa Bombay nusu ya ramani ile. Sindano huonyesha upande tu. Haijui kisima kiko wapi, wala mtawala gani anadai hongo kabla msafara haujapita. Bombay alifika nao Gondokoro, akaendelea hadi Cairo, na mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikamtunuku nishani ya fedha.

Lakini ramani ilikuwa na pengo. Julai 28, 1862 Speke aliona mto ukitoka Ziwa Viktoria, ila mbele, penye maporomoko ya Karuma, Nile inageukia magharibi na wao wakakata moja kwa moja kuelekea kaskazini. Waliukuta tena mto katika nchi ya Wamadi. Pindi lote la katikati lilichorwa kwa kusikia. Dira haikukosea: haikupelekwa huko. Gondokoro walimkuta mpelelezi mwenzao Samuel Baker, aliyekuwa na mwenzi wake Florence, wakampa ramani na habari za ziwa ambalo hawakulifikia. Machi 14, 1864 Baker alisimama ukingoni mwake na kuliita Albert.

Nyuzi za madaftari yale haziwezi kutumiwa leo bila kusahihishwa. Wakati wa Speke sindano huku ilielekea magharibi kidogo ya kaskazini halisi. Siku hizi, mjini Juba, inaelekea mashariki kidogo. Uga wa sumaku wa dunia hutokana na chuma kilichoyeyuka kinachozunguka ndani, kilomita zipatazo 2,900 chini ya miguu yetu, na chuma hicho hakitulii.

Kuna pia jambo la kuinama kwa sindano. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano hulala sawasawa, hupita kaskazini ya Juba na kuvuka Ethiopia. Ndiyo sababu Addis Ababa ilipata kituo cha kupima sumaku wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958. Dira iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huongezewa uzito upande wa kusini, kwa sababu huko ncha ya kaskazini ndiyo inayozama. Ukiileta Juba, ncha ya kusini inashuka na huweza kukwaruza uso wa dira.

Marubani wanaishi kila siku na hesabu ya kusogea kwa kaskazini ya sumaku. Njia ya kurukia ndege ya Juba ina namba 13 mwisho mmoja na 31 mwisho wa pili: nyuzi 130 na 310 za dira, sifuri ya mwisho ikiondolewa. Uwanja wa Tampa, Marekani, ulilazimika kupaka namba mpya mwaka 2011 baada ya kaskazini hiyo kusogea vya kutosha. Juba bado ni 13 na 31.