Pikapu ya kazi: gari lililokamilishwa na mikono ya wenye kulitumia

Katika barabara za Kivu ya Kaskazini, ni vigumu kukuta pikapu ya kazi ikiwa bado namna ilivyotoka kiwandani. Nyuma imechomelewa vyuma vya kufungia turubai, chini imetandikwa mbao, na springi zimeongezwa bamba. Wengi wanafikiri ni mambo ya umaskini wetu tu. Lakini historia inaonyesha kwamba pikapu yenyewe ilizaliwa hivyo.

Mwaka wa 1908, kampuni ya Ford huko Marekani ilianza kuuza Model T, gari la kubeba watu. Wakulima walilinunua, lakini wao walikuwa na mazao ya kupeleka sokoni. Basi wakaondoa sehemu ya nyuma, wakaweka sanduku la mbao. Kiwanda kikafuata njia hiyo. Tarehe 15 Aprili 1925, Ford ilitoa Model T yenye sanduku la mizigo tayari, kwa dola 281. Ilikuwa na springi za nyuma zenye nguvu zaidi, mlango wa nyuma wa kurekebisha, na matundu manne ya kusimikia nguzo za pembeni. Ni mambo yaleyale ambayo mafundi wa Goma na Butembo wanaombwa hadi leo.

Toyota ilitoa Hilux ya kwanza mwaka wa 1968 huko Japani, na mwaka wa 1979 ikapata aina inayovuta kwa magurudumu yote manne. Pikapu za namna hiyo ndizo zilizoweza matope na mawe ya kwetu.

Nchini Zaire, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wazaliwa wa nchi. Nyingi zilianguka, na vipuri vikawa haba na ghali. Fundi akajifunza kutumia kile alichonacho. Ni katika miaka hiyo ya 1970 ambapo chukudu ilianza kuonekana Kivu: mbao, springi, na magurudumu yaliyovikwa mpira wa matairi makuukuu. Leo sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama katikati ya Goma.

Akili ya chukudu iko pia ndani ya pikapu. Mbao chini zinalinda bati lisitoboke. Kipande cha tairi chini ya mzigo kinauzuia kuteleza. Kulabu pembeni zinafanya kamba ishike. Hizo ni kazi ndogo, na zinaongeza maisha ya gari.

Kuna moja inayodanganya: bamba la ziada kwenye springi. Nyuma haishuki tena, na shofa anaona kama gari limekuwa na nguvu. Lakini breki ni zilezile, ekseli ni ileile, chasi ni ileile. Mzigo ukizidi, gari linachelewa kusimama. Ukipanda juu sana, linapinduka kwenye kona.

Hilo linawagusa zaidi wahami. Tangu vita vilivyorudi mwishoni mwa 2021, jamaa nyingi zimekimbia zikiwa juu ya pikapu: magodoro, masufuria, mbuzi, na watoto wakishikilia vyuma vya turubai. Vyuma hivyo viliwekwa kwa ajili ya turubai na kamba. Havikuwekwa kumshika mtu.

Wakati wa kukimbia hakuna nafasi ya kuchagua gari. Hata hivyo, kuna yanayowezekana. Vitu vizito vilale chini, mbele ya magurudumu ya nyuma. Vyepesi viwe juu, vifungwe. Watoto na wazee wakae chini ndani ya sanduku, si juu ya mzigo. Na shofa aende polepole kwenye miteremko.

Mkulima wa Model T alitengeneza sanduku lake kwa ajili ya mazao. Mzigo ukiwa ni watu, hesabu inabadilika.