Wasia na wakfu kwa vyuo vikuu

Zawadi ya wasia kwa chuo kikuu ni sehemu ya mali ambayo mtu huipangia, angali hai na mwenye akili timamu, iende chuoni baada ya kufa kwake. Yaweza kuwa fedha, nyumba, shamba, hisa au malipo ya bima ya maisha. Vyuo vikuu vya Kikatoliki huiomba hasa kwa waliosoma hapo. Katika visiwa vya Lamu jambo hili si geni: watu wa huko wamelifanya kwa vizazi vingi kwa njia ya wakfu, na vyuo vina mengi ya kujifunza kwao.

Visiwani

Mbwajumali, au Mbwajumwali, ni kijiji cha Wabajuni katika kisiwa cha Pate, jirani na Faza na Kizingitini. Bahari ndiyo riziki ya wengi. Kijana wa hapo anayetafuta shahada hana budi kuvuka maji, lakini kisiwa chake kina historia ndefu ya elimu. Siyu, mji wa kisiwa hichohicho, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi.

Elimu hiyo ilitegemea mali iliyotolewa. Katika wakfu, mwakifu huiondoa mali katika milki yake: haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, ila manufaa yake huenda kule alikokutaja. Minazi, visima, nyumba na maduka ya pwani yamewekwa wakfu kwa misikiti na madrasa, na mutawalli hukabidhiwa usimamizi.

Hata kitabu huwekwa wakfu. Maktaba ya Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19, ina miswada ya Kiarabu yenye maandishi ya wakfu kwenye kurasa zake. Mistari michache tu ya wino hutosha kumjulisha msomaji kwamba kitabu alichoshika ni cha wanafunzi, si cha kuuzwa.

Sharti la mtoaji

Mafakihi wa Kiislamu hulipa sharti la mwakifu uzito mkubwa: likiwa halali, mutawalli hana ruhusa ya kulibadili apendavyo. Kanisa Katoliki nalo lina msimamo wa aina hiyo. Kanuni ya 1300 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kwamba matakwa ya waumini wanaotoa au kuacha mali kwa kazi njema yatekelezwe kwa uangalifu mkubwa, hata katika namna ya kuisimamia na kuitumia mali hiyo. Dini mbili zimeona jambo moja: mtoaji aliyefariki hawezi kulalamika, kwa hiyo lazima sheria imsemee.

Vyuo vikongwe vimejengwa juu ya uaminifu huo. Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1842, kina chama cha waliokiweka katika wasia wao. Chama hicho kimepewa jina la padri Stephen Badin, ambaye ardhi aliyoinunua ndiyo iliyokuja kuwa ya chuo. Mwaka 2003 marehemu Joan Kroc alikiachia chuo hicho dola milioni 50 kwa ajili ya taasisi ya masomo ya amani.

Afrika Mashariki

Vyuo vya Kikatoliki vya kanda hii bado ni vichanga. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, jijini Nairobi, kilianza mwaka 1984 kikiwa taasisi ya juu ya teolojia chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 1992. Chuo cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kilifunguliwa mwaka 1993. Wengi wa walei waliohitimu miaka ya 1990 sasa wamepita miaka 50 na wana nyumba, viwanja na akiba ya uzeeni. Huu ndio wakati wa kuzungumza nao.

Nchini Kenya, Sheria ya Urithi inataka wasia wa maandishi utiwe saini mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Shahidi aliyeachiwa kitu katika wasia huo hukikosa, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Wategemezi waliosahauliwa wanaweza kwenda mahakamani kudai fungu lao, kwa hiyo mhitimu huanza na familia yake. Kwa Mwislamu, wasia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya madeni kulipwa, ila warithi wakiridhia. Wakfu nao una sheria yake, ambayo mwaka 2022 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1951, na tume yake.

Chuo kinachotaka wasia kisiishie kwenye vipeperushi na karamu za wahitimu. Kiwaeleze waziwazi mali itashikwa na nani, itawasaidia wanafunzi gani na hesabu itatolewa lini, kisha kilitunze sharti la kila mtoaji kwa maandishi. Mhitimu naye amwone wakili au kadhi mapema, awaambie jamaa zake nia yake, na nakala ya wasia aiweke mahali watakapoipata.